Mwongozo kamili wa kuandika riwaya ya mapenzi na fumbo yenye nyakati mbili, kwa mfano wa pwani ya Bagamoyo

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye soko la samaki la Bagamoyo, karibu na jengo la forodha ya zamani, nikimsomea mzee mmoja mvuvi sura ambayo niliamini ndiyo moyo wa mswada wangu. Katika sura hiyo kijana anamtorosha mpenzi wake kwa jahazi saa nne usiku, mwezi mpevu ukiwa umetanda juu ya bahari. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauweka chini wavu aliokuwa akiushona, akaniuliza: "Mwanangu, mwezi mpevu, saa nne usiku, maji yako wapi?" Sikuwa na jibu. Akanijibu mwenyewe kwamba maji yamepwa, jahazi limelala ubavu mchangani, na huyo bwana itambidi angoje hadi alfajiri, wakati ambapo baba wa binti atakuwa ameshaamka kwa sala.

Swali lile lilibadili namna ninavyoielewa riwaya ya aina hii, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Riwaya ya nyakati mbili iliyowekwa kando ya bahari ina shahidi mmoja aliyekuwapo katika nyakati zote mbili, ambaye ushahidi wake unaweza kukaguliwa leo hii: bahari yenyewe. Mwandishi anayeitumia bahari kama pambo la jioni tu anaacha mkononi kifaa bora kuliko vyote alivyo navyo.

Kwanza, tutofautishe mambo mawili

Wengi huchanganya riwaya ya nyakati mbili na mbinu rejeshi. Katika mbinu rejeshi, hadithi ni moja na mhusika anakumbuka. Kumbukumbu ikiisha tunarudi tulipokuwa. Katika riwaya ya nyakati mbili kuna hadithi mbili kamili, kila moja ikiwa na mhusika mkuu wake, hatari yake, mapenzi yake na mwisho wake, na wala mmoja hamkumbuki mwenzake kwa sababu huenda hawakuwahi kuonana. Kipimo ni rahisi: ukiondoa sura zote za wakati wa sasa, je, sura za zamani zinasomeka kama hadithi yenye mwanzo na mwisho? Kama hazisomeki, una hadithi moja yenye kumbukumbu nyingi, na hilo ni jambo jema pia, lakini mwongozo wake ni mwingine.

Hatua ya kwanza: swali moja kwa nyakati zote mbili

Kabla ya kuandika sura yoyote, andika swali moja ambalo wahusika wa zamani wanaliishi na wahusika wa sasa wanalitafutia jibu. Swali la jumla kama "je, mapenzi ya kweli yapo?" halifai, kwa kuwa halina mtu wa kuulizwa. Swali linalofaa lina usiku wake, mahali pake na mtu mwenye sababu ya kuficha.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho ili hatua zishikamane. Mwaka 1916 binti anayeitwa Mwanamvua anaishi Bagamoyo, naye ni mzalia, yaani amezaliwa utumwani katika nyumba ya bwana wake. Mchumba wake Salehe, baharia, amekuwa akilipa rupia kidogo kidogo ili apate hati ya uhuru wake. Usiku mmoja wa Agosti Salehe anatoweka pamoja na hati. Shahidi mmoja, jamaa wa nyumba ile, anaapa kwamba alimwona akipanda mashua usiku wa manane na kukimbia na fedha. Miaka 100 baadaye Rehema, mpimaji ardhi, anafika Bagamoyo kushughulikia mgogoro wa kiwanja cha familia, na anampenda fundi wa mashua aitwaye Idrisa, ambaye, bila wao kujua, ni kitukuu wa yule shahidi. Swali la riwaya nzima ni hili: je, shahidi alisema kweli kuhusu usiku ule?

Tazama jinsi swali hilo linavyofunga kila kitu. Likijibiwa kwa namna moja, Mwanamvua alisalitiwa na aliyempenda. Likijibiwa kwa namna nyingine, Rehema anapendwa na mtu ambaye ukoo wake ulimdhulumu bibi wa bibi yake. Fumbo na mapenzi hayaendi sambamba kama reli mbili. Kila hatua ya kulifumbua fumbo inahatarisha mapenzi.

Hatua ya pili: kuchagua miaka kwa kuhesabu umri wa watu

Miaka huchaguliwa kwa kuhesabu vizazi, kwa sababu mtu wa sasa lazima awe na mtu wa kumuuliza. Mwanamvua akizaliwa mwaka 1898 anakuwa na miaka 18 mwaka 1916. Binti yake anazaliwa 1917, mjukuu 1943, kitukuu 1963, na Rehema 1986. Mwaka 2016 Rehema ana miaka 30, na bibi yake mwenye miaka 73 alikua akimsikiliza Mwanamvua mwenyewe, ambaye tunaweza kumweka hai hadi 1960. Huyo bibi ndiye daraja. Ukirudi nyuma hadi vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889 daraja hilo linakatika, na utalazimika kutegemea maandishi peke yake. Hilo linawezekana, ila hadithi inapoteza sauti ya mtu aliye hai.

Mwaka wenyewe uwe na shinikizo. Tangu Machi 1915 manowari za Waingereza zilikuwa zimeizingira pwani ya koloni la Wajerumani, na tarehe 15 Agosti 1916 Waingereza waliuteka Bagamoyo kutokea baharini. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo kila mtu mjini ana sababu ya kukimbia, kuficha au kusema uongo, na asubuhi yake serikali iliyotoa hati haipo tena.

Hatua ya tatu: kalenda ya bahari

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiandikia kwa urefu kwa sababu bila hiyo riwaya ya pwani inaweza kuhamishiwa Dodoma isionekane tofauti.

Anza na mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kila mwezi, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Kati yake huwa maji mafu. Katika pwani hii, wakati wa bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na katika siku za maji mafu hupungua hadi kama mita 1. Siku ya mwezi mpevu maji hujaa takriban saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, hupwa takriban saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Ufuo wa Bagamoyo ni wa maji mafupi, hivyo yakipwa wakati wa bamvua mchanga huachwa wazi mbali sana, na vyombo vilivyotia nanga karibu hulala ubavu hadi maji yarudi.

Hapo utaona hazina tuliyo nayo watu wa pwani. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe ya Hijria kwenye barua ya zamani ni taarifa ya maji. Barua iliyoandikwa tarehe 15 ya mwezi wowote, katika karne yoyote, iliandikwa wakati wa bamvua. Mwaka 1916 Idi ya kufungua iliangukia mwanzoni mwa Agosti, mwezi ukapevuka karibu na tarehe 13, na usiku wa tarehe 14 maji yalikuwa yamepwa kabisa karibu saa tano usiku. Shahidi wetu anasema Salehe aliondoka kwa mashua usiku wa manane. Mashua ilikuwa juu ya mchanga mkavu.

Mwaka 2016 mwezi ulipevuka tarehe 18 Agosti. Rehema akisimama ufukweni usiku wa tarehe 19, anaona maji yale yale, saa ile ile, ambayo Mwanamvua aliyaona. Huhitaji mzuka wala ndoto ya ajabu kumkutanisha na bibi yake mkuu, almanaka inatosha.

Ongeza upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia karibu Mei hadi Septemba, huku masika na vuli zikikaa katikati. Katika Agosti kusi humsukuma baharia kuelekea Unguja, Sadani na Pangani, na humzuia anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa tanga. Mhusika akisema alifika Dar es Salaam kwa usiku mmoja kwa mashua mwezi wa Agosti, msomaji wa pwani ameshamshuku. Chora basi ukurasa mmoja kwa kila tukio la ufukweni, ukiandika tarehe, umri wa mwezi, saa ya maji kujaa na kupwa, na upepo. Ukurasa huo ukikataa tukio lako, badilisha tukio.

Hatua ya nne: mapenzi yenye kizuizi cha kweli

Mapenzi ya riwaya hufa pale ambapo kizuizi kingeondolewa kwa mazungumzo ya dakika tano. Kizuizi cha Mwanamvua ni sheria. Chini ya Wajerumani, watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa kuwa huru, lakini yeye amezaliwa 1898. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Kati ya hapo njia yake ni hati ya uhuru. Mpe Salehe kazi inayoonekana: anahesabu rupia kwenye kitambaa kila mwisho wa safari, anakosa moja, anauza kisu chake cha baharini. Msomaji ataamini mapenzi kwa kuziona rupia hizo, hata kama hakuna aliyetamka neno "nakupenda".

Kizuizi cha Rehema na Idrisa kiwe na uzito ulio sawa, ingawa ni wa namna nyingine. Idrisa akijua kwamba ukoo wake ulijipatia kiwanja kwa kiapo cha uongo, anatakiwa kuchagua kati ya mzee wake aliye hai, anayeheshimika mtaani, na mwanamke aliyemfahamu kwa miezi mitatu. Usimharakishe. Mwandike akiendelea kukalafati mashua, akisukuma pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, akiwa amenyamaza, siku mbili nzima baada ya kuambiwa.

Hatua ya tano: daftari la vidokezo

Gawa daftari katika safu nne: kidokezo ni kipi, msomaji anakipata sura gani, mhusika wa sasa anakielewa sura gani, na anakielewa vibaya vipi kabla ya kukielewa sawasawa. Safu ya nne ndiyo inayozaa taharuki, kwa kuwa fumbo zuri hujengwa kwa ukweli uliosomwa vibaya.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye desturi yetu ya kuhesabu siku kuanzia magharibi. Katika karatasi za familia Rehema anakuta maneno "usiku wa Jumanne". Tarehe 15 Agosti 1916 ilikuwa Jumanne, naye, kwa mazoea ya leo, anaelewa usiku wa siku hiyo, mji ukiwa tayari mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo anahitimisha kwamba Salehe alikimbia vita. Sura sita baadaye bibi yake, akipepeta mchele, anamwambia kwa utulivu kwamba usiku wa Jumanne ni ule unaoitangulia Jumanne, kama vile usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya jua kuchwa. Tukio linarudi nyuma kwa siku nzima, na maelezo yote ya shahidi yanaanguka. Kidokezo hicho kilikuwa wazi mbele ya msomaji tangu mwanzo, na hapakuwa na hila.

Neno moja kuhusu sanduku la barua lililofichwa darini: limetumika mno. Pwani hii ina mashahidi wengine, kama vile daftari la forodha, kanga ya zamani yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mpaka wa kiwanja unaotaja mnazi ambao haupo tena, au kaburi lisilo na mtu wa kulisomea.

Hatua ya sita: kupokezana kwa sura

Usigawe sura nusu kwa nusu. Kwa riwaya ya sura 30 napendelea 12 za zamani na 18 za sasa, kwa sababu zamani hupata nguvu kwa uhaba wake, na mchunguzi anahitaji nafasi ya kukosea. Karibu na mwisho sura za zamani zinaweza kufuatana mbili au tatu, maana hapo msomaji hataki kuondolewa tena.

Makabidhiano kati ya nyakati ndiyo ufundi mgumu kuliko yote. Njia dhaifu ni kurudia kitu kile kile: kanga inaanguka mwaka 1916, kanga inaokotwa mwaka 2016. Njia yenye nguvu ni kumwachia msomaji swali la mwili katika sura moja na kumpa nusu ya jibu katika nyingine. Sura ya zamani inaweza kuishia hivi:

*Mwanamvua alikaa barazani na kusikiliza. Maji yalikuwa yakitoka. Aliyajua kwa harufu ya mwani na kwa sauti za kaa waliokuwa wakitembea chini ya mikoko. Alipika wali wa watu wawili, akaufunika, asiuguse.*

Na inayofuata ianze hivi:

*Rehema alianza kuhesabu hatua kutoka ukuta wa forodha. Alipofika mia tatu alisimama na kutazama viatu vyake. Vilikuwa vikavu.*

Hakuna aliyeeleza chochote, na bado msomaji ameanza kushuku mashua ya shahidi.

Hatua ya saba: lugha ya kila wakati

Tofauti ya nyakati isikike masikioni. Fedha peke yake inaweza kukufichua: rupia ilikuwa na pesa 64 hadi Wajerumani walipoleta heller mwaka 1904, rupia moja ikawa heller 100, na kutoka hapo tumepata neno "hela". Mhusika wa 1889 hawezi kusema hana hela. Mwanamvua wa 1916 anaweza. "Shule" nayo ni neno tulilopewa na Wajerumani. Watu wa wakati huo waliwaita wakoloni hao Wadachi, walitaja akida na liwali, yaani maofisa wenyeji wa serikali, na wengi waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo linamlazimu Rehema kumtafuta mwalimu wa madrasa amsomee, na hivyo linaleta mhusika mpya ndani ya hadithi bila kulazimishwa.

Hata hivyo, usijaze sura za zamani maneno magumu kana kwamba watu wa kale walizungumza kwa tenzi. Walikuwa na haraka, hasira na njaa kama sisi.

Utafiti na adabu zake

Tembea kabla ya kuandika. Jumba la makumbusho la misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, Boma la Wajerumani la 1897, Ngome Kongwe, na magofu ya Kaole yaliyo kusini mwa mji yatakupa vipimo vya milango, unene wa kuta za matumbawe, na umbali ambao mtu anaweza kuutembea kabla ya maji kurudi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Wajerumani.

Kwa wazee, nenda na shikamoo na muda wa kutosha. Usimuulize mtu kama ukoo wake ulitoka kwa watumwa au kwa mabwana. Bado kuna ndoa zinazojadiliwa kwa sauti ya chini kwa sababu ya jambo hilo. Uliza kuhusu vyakula, safari, majina ya visima na vifo vya baharini, na uache lililo zito lije lenyewe. Likija, badilisha majina na mtaa kabla ya kuliingiza katika riwaya. Sioni udhuru kwa mwandishi anayempatia mzee wa watu fedheha ili sura yake ya ishirini inoge.

Ufunuo na kusahihisha

Fumbo lifumbuliwe kabla ya mapenzi kuamuliwa, walau sura mbili kabla. Kwanza msomaji ajue kwamba Salehe hakuondoka kwa mashua. Kisha, katika sura ya zamani, amwone Salehe akitembea juu ya mchanga mtupu kuelekea Kaole, hati ikiwa kiunoni, na nani anayemfuata. Ilipofika alfajiri maji yalikuwa yamejaa, na hakuna unyayo uliobaki. Baada ya hapo ndipo Idrisa aje kwenye kibaraza cha bibi.

Mswada ukikamilika, usome mara mbili: sura za zamani peke yake kwa mfululizo, kisha za sasa peke yake. Makosa ya umri, tarehe na nani anajua nini hujitokeza hapo tu. Kisha wape wasomaji watatu: mtu anayeijua bahari, bibi anayeijua ndoa, na kijana asiyejua lolote kuhusu 1916. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walimshuku nani, na kuanzia ukurasa upi.

Nilirudi kwa yule mzee mvuvi nikiwa na sura iliyoandikwa upya, mashua ikiwa imelala mchangani na shahidi akiapa kwamba ilikuwa ikielea. Safari hii hakuuliza kuhusu maji. Aliuliza kama wajukuu wa shahidi wanajua, nami nikagundua kwamba nilikuwa bado sijaandika sura ambayo Idrisa anamsomea babu yake tarehe ile, kwa sauti, na babu anaomba apewe fimbo yake ili aende kuyatazama maji.